Programu zinazotafsiri programu: Kwa nini mtaalamu bado anahitajika

APRILI 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipowaachisha kazi mamilioni ya Wamarekani, Gavana wa wakati huo wa Jimbo la New Jersey, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kuomba wataalamu wa kujitolea wanaoifahamu COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyoanza kubuniwa mwaka 1959.

Mfumo wa jimbo hilo wa kulipa mafao ya wasio na ajira ulitegemea kompyuta kongwe zinazotumia lugha hiyo, nao ulikuwa umezidiwa na maombi.

Je, kwa nini programu za namna hiyo zisitafsiriwe na mashine kwenda lugha mpya kama Java?

Vyombo vya kufanya kazi hiyo vipo. Chombo husoma maandishi ya programu na kuyachambua, kama mwanafunzi wa sarufi anavyochambua sentensi, kikibainisha amri, majina na hesabu. Kisha hujenga muundo wake unaofanana na mti, na hatimaye huuandika upya kwa kanuni za lugha ya pili.

Ugumu ni kwamba amri zinazofanana kwa sura huweza kutofautiana kwa maana. Mfano mzuri ni lugha ya Python, ambayo toleo lake la tatu, lililotoka Desemba 2008, halikupatana na la pili. Watengenezaji wake walitoa chombo kiitwacho 2to3 ili kuyageuza maandishi ya zamani.

Katika toleo la pili, 7 ikigawanywa kwa 2 jibu lilikuwa 3. Katika la tatu ni 3.5. Chombo hicho hakikuigusa alama ya kugawanya, kwa kuwa hakikuweza kujua iwapo mwandishi alikusudia namba kamili au desimali. Hivyo programu iliyotafsiriwa iliweza kufanya kazi bila kuonyesha kosa lolote, huku ikitoa jibu tofauti.

Kwenye fedha hatari ni kubwa zaidi. COBOL huhesabu fedha kwa desimali halisi, senti kwa senti. Katika Java, ukitumia aina ya kawaida ya namba za desimali, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3, bali 0.30000000000000004. Java inayo njia sahihi ya kuhesabu fedha, lakini sharti mtafsiri aichague. Asipoichagua, tofauti hizo ndogo zikirudiwa katika akaunti nyingi huweza kufanya vitabu vya hesabu visilingane.

Miaka ya karibuni akili bandia imeingia katika kazi hii. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Facebook walitangaza TransCoder, iliyojifunza kutafsiri baina ya C++, Java na Python kwa kusoma programu nyingi bila kuonyeshwa tafsiri zake. Katika majaribio yao, zaidi ya asilimia 90 ya vipande vya Java vilitafsiriwa kwa usahihi kwenda C++, lakini kutoka Java kwenda Python ilikuwa asilimia 68.7.

Hata tafsiri iliyo sahihi yaweza kuwa mzigo. Chombo kikifuata mpangilio wa asili hatua kwa hatua, huzaa Java yenye umbo la COBOL, ambayo wataalamu huiita kwa utani JOBOL. Vijana wanaoijua Java hushindwa kuielewa, na wazee wa COBOL hawaitambui.

Kwa sababu hiyo, taasisi inayotaka kuhamisha mfumo wake hushauriwa kutafsiri sehemu moja baada ya nyingine, kisha kuuendesha mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa takwimu zilezile na kulinganisha majibu. Mfumo wa zamani usizimwe mpaka kila tofauti iwe imepatiwa maelezo.

Mashine huweza kueleza kanuni iliyoandikwa, lakini sababu ya kanuni hiyo kuwekwa mara nyingi huijua aliyeiandika. Ni busara aulizwe kabla hajastaafu.