Muhuri, Nembo na Jina: Historia ya Alama za Mji wa Budapest

Utangulizi

Neno *nembo* katika Kiswahili limetumiwa tangu zamani kwa alama iliyochanjwa mwilini ili kumtambulisha mtu kwa kabila lake. Leo twalitumia pia kwa ngao za mataifa, miji na vyuo. Neno *muhuri*, ambalo lina asili ya Kiajemi, lataja chombo kigongwacho na vilevile chapa kiiachayo. Maneno haya mawili yanatufaa katika kuchunguza alama za mji mkuu wa Hungaria. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nembo ya mji ni matini kama matini nyingine: ina mpangilio, ina yaliyotajwa na yaliyoachwa, na maana yake hutegemea pia wasomaji wake.

Mji uliochukua jina la mwingine

Katika Ulaya ya zama za kati, muhuri ndio uliokuwa sauti ya mji. Hati ya baraza ilitiwa nguvu kwa chapa ya nta iliyoning'inizwa chini yake. Na mji uliokuwa na muhuri wake ulihesabiwa kuwa mtu mbele ya sheria, awezaye kununua, kushtaki na kuahidi.

Mnamo 1241 Wamongoli waliuteketeza mji wa Pest, uliokuwa kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Danube. Mfalme Béla wa Nne aliuthibitishia mji huo haki zake kwa hati ya mwaka 1244, kisha akajenga ngome juu ya kilima cha ng'ambo ya pili. Wakazi wengi wa Pest walihamia huko, na haki zao wakaenda nazo. Kwa sababu hiyo, hati za Kilatini za karne ya 13 zauita mji huo mpya Ngome ya Mlima Mpya wa Pest, ingawa haukuwa Pest tena.

Baadaye mji wa kilimani ukaja kuitwa Buda. Hilo nalo lilikuwa jina la watu wengine, yaani wakazi wa mji mkongwe uliokuwa kaskazini kidogo. Wenye jina wakalazimika kuongeza kivumishi ili watofautishwe: mji wao ukawa Óbuda, maana yake Buda ya Kale. Wajerumani waliokaa kilimani waliuita mji wao Ofen, yaani tanuri. Neno *pest* linahusishwa na neno la Kislavi lenye maana hiyo hiyo, na wako wataalamu waonao kuwa Ofen ni tafsiri tu ya Pest. Basi jina lilivuka mto likiwa limevaa vazi la lugha nyingine.

Ngome mbili katika ngao moja

Waturuki waliitwaa Buda mwaka 1541 wakaitawala hadi 1686. Baada ya kuondoka kwao, miji hiyo haikurudishiwa hadhi yake papo hapo. Ilikuwa tarehe 23 Oktoba 1703 ambapo Mfalme Leopold wa Kwanza aliipa Buda na Pest hati za kuwa miji huru ya kifalme, na nembo pamoja nazo. Buda ilikuwa na ngome ya minara mitatu, Pest ngome ya mnara mmoja. Óbuda haikuwa na daraja hiyo.

Mwaka 1873 miji yote mitatu iliunganishwa. Nembo mpya ilikuwa ngao nyekundu iliyokatwa na ukanda wa fedha wenye mawimbi, ambao ni Mto Danube. Juu ya ukanda pana ngome yenye mnara mmoja na lango moja, nayo ni Pest. Chini pana ngome ya minara mitatu na malango mawili, nayo ni Buda. Ngao hiyo inashikwa na simba upande mmoja, na upande wa pili na mnyama wa ngano mwenye kichwa na mabawa ya tai. Juu ya yote limewekwa taji takatifu la Hungaria.

Hapa msomaji wa lugha hana budi kusita. Katika jina, Buda yatangulia na Pest yafuata; katika ngao, Pest iko juu na Buda iko chini. Je, Óbuda iko wapi? Haikupewa ngome yake. Wako wasomao malango mawili ya ngome ya chini kuwa ni Buda na Óbuda. Usomaji huo una huruma, lakini wathibitisha jambo moja: aliyeachwa katika matini hutafutiwa nafasi na wasomaji.

Taji na nyota

Mwaka 1964, chini ya serikali ya kikomunisti, taji na wanyama waliondolewa, na nyota nyekundu yenye ncha tano ikatiwa katika nembo. Ngome na mto vikabaki. Wakati huo taji lenyewe halikuwapo nchini: baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa mikononi mwa Wamarekani, likahifadhiwa Fort Knox. Lilirudishwa Hungaria mnamo Januari 1978. Hata hivyo nembo iliendelea kubeba nyota kwa miaka mingine kumi na miwili, mpaka taji liliporejeshwa juu ya ngao mwaka 1990. Kitu kilitangulia kurudi. Alama yake ikachelewa.

Hitimisho

Katika historia hii twaona kwamba kiini cha nembo, yaani ngome na mto, kilistahimili mabadiliko ya tawala. Kilichobadilishwa ni kile kinachosema mji uko chini ya nani. Lakini tusidhani kwamba kiini hicho chenyewe hakina upande. Jina la Buda lilitoka Óbuda, na Óbuda ndiyo iliyokosa ngome. Atakayeeleza nembo kwa kuorodhesha maana ya kila picha atakuwa amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza ni nani aliyekuwapo siku ya kuunganishwa, akatoa hata jina lake, na asichorwe.