Mbegu ya Maharagwe Inayozaa Zaidi: Hutoka Wapi, na Kikundi Chetu Chaweza Kufanya Nini?



Kila tukitembelea vikundi hapa Ruring'u na vijiji jirani, swali moja halikosi: mbona maharagwe yanapungua kila msimu? Zamani ukipanda gorogoro moja unajaza debe na zaidi. Siku hizi mtu anavuna mbegu aliyopanda na githeri ya wiki chache, basi.

Hata sisi tulichomeka. Msimu mmoja wa mvua ya Machi tuligawia kikundi mbegu tuliyonunua sokoni kwa kuangalia macho tu. Punje zilikuwa kubwa na za kung'aa. Kumbe zilikuwa zimebeba ugonjwa. Majani yaliingia madoa, maganda yakaoza, na akina mama wakapoteza msimu mzima. Ndipo tukaanza kuuliza waliosomea kazi hii.

Ukubwa wa punje hudanganya

Mwaka 1903 mtaalamu wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alichapisha majaribio aliyofanya kwa maharagwe. Alichukua punje zilizotoka kwa mche mmoja, akatenga kubwa na ndogo, akazipanda mbalimbali. Watoto wao walilingana! Ukubwa ule haukuwa wa ukoo. Ulitokana na udongo, maji na mahali punje ilipokaa kwenye ganda.

Sababu yake ni hii: ua la maharagwe hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka. Kwa hivyo mtoto hufanana na mzazi, si kama mahindi ambayo huchanganyika na ya jirani. Hapa kuna faida kubwa kwa mkulima mdogo: mbegu yako ya maharagwe unaweza kuiweka na kuipanda tena bila kupoteza ukoo wake. Mahindi ya haibridi hayakubali hivyo.

Watafiti wanafanya nini?

Wao huchukua aina mbili, kwa mfano moja inayozaa sana na nyingine inayostahimili ugonjwa. Hufungua ua changa kwa koleo dogo, huondoa vifuko vya chavua, kisha hupaka chavua ya aina ile nyingine. Ua moja hutoa punje chache tu. Wajukuu wa punje hizo hutofautiana kama watoto wa boma moja: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mgonjwa. Mtafiti huchagua walio bora msimu baada ya msimu mpaka ukoo utulie, halafu huujaribu sehemu nyingi za nchi. Kazi yote yaweza kuchukua miaka 8 hadi 10.

Na si rahisi kama kuagiza "zaa zaidi." Mavuno yanatokana na mambo matatu: idadi ya maganda kwa mche, punje kwa ganda, na uzito wa punje. Ukivuta moja, mara nyingi lingine linarudi nyuma. Mche wenye maganda mengi mno huenda ukatoa punje ndogo. Ndiyo maana watafiti hutafuta pia mizizi yenye nguvu na majani yasiyougua, ili mche upate chakula cha kujaza maganda yote.

Majina mengi tunayoyajua yalitoka kwa kazi ya namna hii. Herufi GLP ni za mradi wa utafiti uliokuwa Thika, ambao uliwapa wakulima GLP 2 (Rosecoco, au Nyayo), Mwitemania, Mwezi Moja na Wairimu. Baadhi zilichaguliwa kutoka mbegu za wakulima wenyewe. Baadaye Katumani ikatoa KAT B1, KAT X56 na nyinginezo za sehemu kavu. Siku hizi kuna Nyota ya KALRO, inayokomaa mapema na yenye madini ya chuma kwa wingi.

Kwa mwenye shamba dogo kama yetu, kuna pia maharagwe ya kutambaa, kama Kenya Mavuno, Kenya Safi na Kenya Tamu. Yakitunzwa huweza kuzaa mara mbili au zaidi ya yale mafupi, kwa kuwa hupanda juu badala ya kutafuta nafasi chini. Taabu yake ni miti ya kuyasimamisha. Basi pandeni miti hiyo kwenye mipaka mapema.

Kikundi kifanye nini?

1. Chagueni mche shambani, si punje kwenye gunia. Fungeni uzi kwenye miche yenye maganda mengi na isiyo na doa. Iacheni ile ya ukingoni, maana hiyo imeshiba nafasi.

2. Kama mbegu yenu ni mchanganyiko, vuneni kila mche peke yake na mpande kila mmoja mstari wake. Mstari ukishinda wenzake misimu miwili au mitatu, huo ni ukoo mzuri. Uzidisheni.

3. Kama mbegu ni ya aina moja safi, msitegemee kuchagua kutaongeza uzazi. Hapo mnachagua afya tu. Ng'oeni wagonjwa mapema.

4. Anikeni mpaka punje ing'atwe na kuvunjika kwa sauti. Hifadhini pakavu.

5. Magonjwa kama chule husafiri ndani ya mbegu. Kila misimu mitatu au minne, changeni pesa mnunue mbegu iliyothibitishwa, mwizidishe kwenye shamba la kikundi.

Na tusidanganyane: mbegu bora kwenye udongo uliochoka ni kama ng'ombe wa gredi bila nyasi. Mbolea ya boma na kubadilisha mazao bado ni lazima.

Ya kujadili mkutanoni

Je, ni nani kati yetu bado ana mbegu ya shosho? Ina sifa gani? Na njaa ikibisha mwezi wa Februari, nani atalinda ile ya kupanda isiingie kwenye sufuria?