Nyumba ya Mhunzi huko Bujora

Wengi wetu tukisikia neno "kiwanda" hufikiri mara moja juu ya mitambo ya almasi ya Mwadui au ya dhahabu ya Geita. Lakini nchi hii ilikuwa na viwanda zamani kabla ya mitambo hiyo. Mahali pazuri pa kujifunza habari hizo ni Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza. Yalianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada. Nalikwenda huko wakati wa likizo pamoja na mjomba wangu.

Katika nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa kale, iliyonivutia zaidi ni ya mhunzi. Kazi ya chuma ilikuwa hasa ya Walongo, watu wa Uzinza na upande wa Geita. Wasukuma walinunua majembe yao kwa mifugo na nafaka, na jembe lilitolewa hata katika mahari.

Je, chuma kilipatikanaje? Mafundi walichimba mawe yenye chuma, wakachoma makaa, wakavipanga vyote katika tanuru. Kisha walivukuta mivukuto, upepo ukapita katika vibomba vya udongo mpaka joto likafika kama digrii 1,200. Chuma chenyewe huyeyuka kwa digrii 1,538, basi hakikuyeyuka. Gesi ya makaa iliondoa oksijeni katika mawe, mavi ya chuma yakayeyuka na kujitenga, likabaki bonge la chuma. Bonge hilo lilipashwa moto na kupigwa nyundo mpaka likawa jembe. Ndiyo kemia ile ile tuandikayo ubaoni!

Majembe ya Ulaya yalipokuja kwa bei rahisi, matanuru yalizimika. Hapo ndipo penye hasara. Nyundo yaweza kuhifadhiwa makumbushoni, lakini kulitambua jiwe jema, au kujua kwa rangi ya moto kwamba kazi imeiva, ni ujuzi unaokaa ndani ya watu. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukafunguliwa tena mwaka 2000, kwa kuwa dhahabu ilikuwa ingali ardhini. Ujuzi wa mhunzi ukizikwa, haufukuliwi.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi, ndugu zangu mtokao Geita na Uzinza, likizo ijayo waulizeni wazee, mkaandike wasemayo.