Maboga, Paa na Haki ya Jirani



Boga ni chakula ambacho watu wa mjini hukidharau mpaka uingie mwezi wa Ramadhani. Hapo ndipo kila nyumba ya pwani hii, toka Moa hata Pangani, hulitafuta likaungwe kwa nazi na kuwekwa mezani wakati wa kufuturu. Na asili ya boga ni Amerika, wala halikujulikana Uarabuni katika zama za Mtume (s.a.w.). Lakini nduguye, yaani mung'unye, amepewa heshima kubwa. Wafasiri wengi wamesema kuwa mmea ule uliomfunika Nabii Yunus kwa kivuli, alipotupwa ufukoni hali ni mgonjwa, ulikuwa wa jamii hiyo. Na Anas bin Malik amesimulia jinsi alivyomwona Mtume akiutafuta mung'unye pembezoni mwa sahani, na tangu siku ile naye Anas akaupenda.

Basi sisi, tulio walimu wa chuoni, mshahara wetu ni mdogo na watoto wetu ni wengi, yatupasa kulima. Nyuma ya nyumba yetu, katika wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, tuna konde dogo lililopakana na michungwa upande mmoja na kichaka upande wa pili. Vuli iliyopita tulipanda maboga humo, tukikusudia kuwa Ramadhani itukute nayo. Mbegu zikaota vizuri, mitambaa ikaanza kushika ardhi. Asubuhi moja, tuliporudi kutoka msikitini, tukakuta nusu ya mashina yamekatwa majani na ncha zake zote, na maua yameliwa.

Tukatazama chini, tukaona nyayo za kwato. Jirani yetu ana mbuzi saba. Hatukungoja jua lipande. Tukaenda mpaka barazani kwake, tukamkuta anakunywa uji.

Tukamwambia, "Mzee, mbuzi wako wametumalizia maboga."

Yeye ametuzidi umri kwa miaka mingi. Hakukasirika. Akaweka kikombe chini, akasema, "Maalim, mbuzi wangu wamelala ndani, na mlango niliufunga kwa mkono wangu. Lakini wewe ndiye uliyesoma. Ukisema ni wao, nitalipa."

Maneno yale yalituchoma kuliko kama angalitutukana. Kwani sisi ndio tunaowasomesha watoto wake kuwa Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Hujurat, ametukataza dhana nyingi na ametuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu. Tukamwomba aje atazame pamoja nasi.

Mzee yule aliinama juu ya nyayo kwa muda mrefu, kisha akatucheka taratibu. Akatuonyesha kuwa ukwato wa mbuzi mzima ni mpana na ncha yake ni butu, ama ule tulioukuta ulikuwa mwembamba, wenye ncha kali, mdogo kuliko kidole gumba. Akatuonyesha na choo: mbuzi hudondosha choo chake huku anakwenda, bali hapa palikuwa na vidonge vidogo vilivyolundikana mahali pamoja kando ya kichaka, vya jana na vya juzi. "Huyu ni paa," akasema, "na hii ndiyo njia yake ya kila siku." Tukaona kweli kijia kimepenya chini ya matawi, hakipiti mtoto wa miaka mitano.

Tukamtaka radhi pale pale, mbele ya wanawe, maana tulimtuhumu mbele yao.

Wasomaji wetu watakumbuka kisa kilichomo katika Sura ya Al-Anbiyaa, cha Nabii Daud na mwanawe Sulaiman, walipohukumu juu ya konde lililoliwa usiku na mifugo ya watu. Wafasiri wamesimulia kuwa Daud alihukumu mwenye konde apewe mifugo ile, na Sulaiman akaona kuwa mwenye mifugo alitengeneze konde mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na huku mwenye konde anufaike kwa maziwa na sufu. Likisha kurudi, kila mtu achukue chake. Na katika zama za Mtume, ngamia wa Al-Bara bin Azib aliingia bustani ya watu akaiharibu. Ikahukumiwa kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawazuie usiku. Hukumu hizi ni za mnyama mwenye mwenyewe. Ama paa hana wa kushtakiwa. Kumlinda asiingie ni kazi yetu sisi wenye konde.

Basi hatua ya kwanza ni kumjua mwizi. Katika nchi yetu hii ya Tanga, wanaokula majani ya maboga na machipukizi yake usiku au alfajiri ni paa, ambaye kimo chake hakipiti goti la mtu mzima. Funo mwekundu, aliye mkubwa kuliko paa. Na pongo, anayekaribia kiuno. Hao hawana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hung'oa jani, na mahali lilipokatika pakawa na nyuzi nyuzi. Ukiona shina limekatwa sawasawa kama kwa kisu, mshuku panya au ndezi. Ukiona boga limetobolewa na kutafunwa, mtazame nungunungu, nawe huenda ukauokota mwiba wake. Ukiona udongo umefukuliwa na mashina yameng'olewa, ni nguruwe mwitu. Na mwizi wa mchana hana haja ya kutafutwa: ni nyani au kima, na utamsikia.

Hatua ya pili ni wigo, nao hufuata tabia ya mnyama. Huko Marekani na Ulaya wakulima husumbuliwa na wanyama wanaoangusha pembe zao kila mwaka na kuota nyingine, nao ni warukaji hodari, hata wenye bustani Marekani hujenga wigo wa futi 8. Wanyama wetu si wa jamii ile. Pembe zao hudumu. Pongo huruka, lakini paa na funo hupenda zaidi kupenya chini. Kwa hiyo wigo mrefu wenye tundu chini hauna faida. Sisi tulichomeka fito karibu karibu, tukasuka makuti, na chini tukashindilia matawi ya mchongoma, na zaidi pale penye kile kijia.

Walio karibu na bahari wana nyavu kuukuu za wavuvi, nazo zafaa sana, kwa sharti zivutwe zikaze na ukingo wake wa chini ufukiwe. Wavu uliolegea humnasa mnyama, tena humnasa kuku na mtoto wa mbuzi wa jirani. Utazamwe kila asubuhi.

Mwenye kutaka wigo wa miaka mingi, na apande mkonge. Mmea huu uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai, na kutoka hiyo kikaanza kilimo cha mkonge katika nchi yetu. Ukiupanda kwa safu mbili zilizopishana, miiba ya ncha zake humfanya mnyama afikiri mara mbili. Lakini huchukua miaka kukua. Anayetaka maboga ya mwaka huu asiutegemee peke yake.

Hatua ya tatu ni kujua wakati. Shina lililokwisha kutambaa likiliwa ncha, hutoa matawi mapya; hata sisi wenyewe huzichuma ncha hizo tukazila mboga. Hatari kubwa ni mche wenye majani mawili au matatu, ambao ukiliwa umekufa. Basi nguvu zako zote ziwe katika wiki nne za mwanzo. Funika kila shimo kwa matawi ya miiba, na uyaondoe mmea unapoanza kutambaa.

Ama harufu, watu wengi hupaka mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji na pilipili. Husaidia kwa siku kadhaa, kisha mnyama huzoea au mvua huosha. Nasi twawakumbusha akina mama kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii mavi hayo ni najisi. Yapakwe katika fito za wigo, yasipakwe katika majani yatakayopikwa.

Na mbwa je? Waislamu wengi huogopa hata kuuliza. Mtume ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Basi akae shambani, asiingie nyumbani, na chombo chake kiwe mbali.

Lakini mlinzi aliye bora tulimpata bila ya gharama. Wanyama hawa hutoka zaidi jua linapokuchwa na kabla ya mapambazuko. Mwenye kuamka kwa sala ya Alfajiri amekwisha kuamka saa ya mwizi. Sisi sasa hupita kondeni na taa kabla ya kwenda msikitini, tukakohoa, tukagonga debe mara mbili tatu. Hatuwaweki watoto kulala katika dungu usiku kucha; mtoto aliyekesha shambani husinzia darasani, na boga halilipi hasara hiyo.

Sasa twawageukia vijana. Mmoja wa wanafunzi wetu, kwa kutupenda, alitega tanzi la waya katika kile kijia bila ya kutuambia. Alfajiri tulipopita tulimkuta funo jike amekufa, shingo imekatwa na waya, na ardhi yote imechimbwa kwa kwato alivyohangaika. Hakuchinjwa, ni nyamafu, haliwi. Tukamwita kijana, tukachimba shimo pamoja naye, tukamfukia. Hatukumpiga. Tulimuuliza swali moja tu, "Nani amefaidika?" Akalia.

Na juu ya dhambi ya kumtesa mnyama, lipo jambo la serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda na kutega bila ya kibali. Sumu ni mbaya zaidi, kwani haichagui. Humwua kuku wa mjane na mbwa wa mchungaji. Mnyama akikushinda, nenda kwa serikali ya kijiji ili apelekewe habari ofisa wa wanyamapori wa wilaya.

Wasomaji wetu, maboga yetu yalipona kiasi. Yaliyokusudiwa kuwa thelathini yalikuwa kumi na tisa, na la kwanza tulilipeleka kwa yule mzee mwenye mbuzi. Mtume ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mbegu, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, huandikiwa sadaka. Hadithi hii haituambii tuache makonde wazi. Hutuliza moyo baada ya kuwa tumekwisha kujenga wigo. Kilicholiwa na paa kimeandikwa. Lakini neno tulilomwambia jirani yetu asubuhi ile halikuwa na sadaka ndani yake, na lingalibaki juu yetu lau asingalitusamehe.

Jengeni wigo wa konde, ndugu zetu, na kabla ya kutoka kwenda kwa jirani, inameni kwanza mtazame nyayo.

Wabillahi taufiq.