Rola ya Sindano si Kitana cha Kuazimana

Miongoni mwa vitu vya urembo vinavyouzwa siku hizi mijini, kimo kifaa chenye mpini wa plastiki na gurudumu dogo lililozungukwa na sindano fupi, mara nyingi 192. Akina dada hukipitisha usoni kwa tumaini la kuondoa makovu ya chunusi. Kwa kuwa kimekwisha kuingia majumbani, yafaa kieleweke.

Kazi yake si muujiza. Kila sindano hutoboa tundu dogo, na mwili katika kulitibu jeraha hutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Dakta Desmond Fernandes, mpasuaji wa Cape Town, Afrika Kusini, ni mmoja wa walioiendeleza rola hii katika miaka ya 1990. Hata hivyo, waganga wa ngozi wanaotibu makovu hutumia sindano zenye urefu wa milimita 1.5 hata zaidi, baada ya kupaka dawa ya ganzi. Rola ya nyumbani yapasa isizidi milimita 0.3, na kwa urefu huo haifiki shina la kovu lenye shimo. Ngozi yaweza kulainika kidogo. Atarajiaye zaidi atapoteza fedha zake.

Lakini hasara ya fedha ni ndogo. Katika nyumba zetu dada na wifi huazimana kitana, kioo na mafuta, na ni desturi njema. Rola isiingizwe katika ushirika huo, hata kati ya mama na binti yake, kwani damu isiyoonekana kwa macho hubaki kwenye sindano. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Huko New Mexico, Marekani, nyumba moja ya urembo iliyokuwa ikiwachoma wateja sindano usoni na kuwapaka damu yao wenyewe ilifungwa mwaka 2018; taarifa ya uchunguzi ya mwaka 2024 ilieleza kuwa baadhi ya wateja wake walipata virusi vya Ukimwi. Ikiwa jambo hilo liliwezekana mahali palipoitwa pa kitaalamu, tufikirie bafuni kwetu.

Tena kuna mkorogo. Ngozi iliyotobolewa hunywa kila inachopakwa, na krimu zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, ambazo zina madhara hata juu ya ngozi nzima, hupata njia ya mkato. Hata vitu vinavyosifiwa si salama: mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake watatu waliotokwa na vivimbe usoni baada ya kutobolewa ngozi na kupakwa dawa za urembo, zikiwamo za vitamini C. Baada ya rola, mafuta mepesi yasiyo na manukato yatosha.

Mwenye chunusi mbichi, ukurutu, malengelenge au sugu za virusi asiitumie, maana ataeneza ugonjwa uso mzima. Mwenye makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe aiache kabisa. Ngozi yetu nyeusi, ikichokozwa mno, hujibu kwa mabaka meusi, na hayo hukaa miezi mingi.

Aliyekwisha kuinunua na asiye na maradhi hayo, na anawe uso kwa sabuni laini, ailoweke rola katika spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi na kuiacha ikauke. Aipitishe bila kukandamiza, akiinyanyua kila abadilishapo upande, wala asirudie kabla ya wiki mbili. Siku zinazofuata ajikinge na jua. Spiriti hupunguza vijidudu, haiviui vyote, hivyo kuilowesha hakuhalalishi kuiazima. Sindano zikipinda, aitie rola katika kopo lenye kifuniko kabla ya kuitupa, watoto wasije wakaiokota jalalani.