Kiwambo cha Sinema ya Projekta Nyingi

Tarehe 30 Septemba, 1952, watazamaji wa New York walionyeshwa kwa mara ya kwanza sinema iliyoitwa Cinerama. Projekta tatu zilitupa picha tatu ubavu kwa ubavu juu ya kiwambo kimoja kilichopinda kama upinde, kikienea nyuzi 146 za duara. Mvumbuzi wake, Mmarekani Fred Waller, hakuweza kufikiria kamera na mitambo peke yake. Kiwambo chenyewe kilidai ufumbuzi.

Mtu aweza kudhani kwamba kiwambo bora ni kile king'aacho kuliko vyote. Kwa projekta moja na ukumbi mwembamba, dhana hiyo ina ukweli: uso uliopakwa rangi ya fedha huikusanya nuru na kuwarudishia walioketi katikati. Projekta zikiwa tatu, faida hiyo hugeuka hasara. Miali ya projekta mbili hufika kwenye mpaka wa picha kutoka pande tofauti, na uso wa fedha, kwa kuwa una tabia ya kioo, huirudisha pande tofauti vilevile. Aliyeketi kulia ataona picha moja inameremeta na ya jirani imefifia. Aliyeketi kushoto ataona kinyume chake. Hakuna fundi awezaye kurekebisha taa zikawaridhisha wote wawili.

Kwa hiyo hufaa uso mweupe usiong'aa, mfano wa ukuta uliopakwa chokaa, ambao huitawanya nuru karibu sawasawa kila upande. (Shuka nyembamba haifai, kwani sehemu ya nuru hupenya na kupotelea nyuma.)

Lakini uso huo ukipindwa sana, huzuka balaa nyingine: nuru itawanywayo na bawa la kushoto huangukia bawa la kulia. Tuseme sehemu nyeupe ya picha ina nuru ya vipimo 100, na nyeusi kipimo 1. Vikiongezeka vipimo 5 tu vilivyopotea njia, nyeupe huwa 105 na nyeusi 6. Tofauti iliyokuwa mara 100 hushuka hadi mara 17 na nusu. Usiku wa ndani ya filamu huwa kijivu kama alfajiri yenye ukungu.

Dawa iliyotumika New York ilikuwa kukigawa kiwambo katika tepe za wima zipatazo 1,100, kila moja ikielekezwa kwa watazamaji, mfano wa vibao vya dirisha la luva. Nuru iliyokimbilia bawa la pili iligonga mgongo wa utepe jirani, ikaishia hapo.

Kazi ya kuzipanga tepe hizo ni ya kuchosha, na siku hizi wengi huchagua rangi ya kijivu, kama ilivyo katika kuba nyingi za kuonyeshea nyota. Uso urudishao nusu ya nuru huipunguza picha hadi nusu. Lakini nuru iliyopotea njia hurudishwa mara mbili kabla ya kufika machoni, hivyo hubaki robo. Giza la picha huokolewa, na taa zenye nguvu zaidi hufidia kilichopungua.