Ngoja Ngoja Mlangoni kwa Mganga

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo kwa sikio la kwanza zagombana. Moja yasema: Subira huvuta heri. Ya pili yasema: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu aliyepata kukaa tangu alfajiri kwenye benchi ya hospitali, akingoja kuitwa ndani kwa mganga, huzijua zote mbili, tena huzijua kwa mgongo wake na kwa njaa yake. Juma hili twataka kuzipima methali hizo, tujue ni ipi ya kushika na kwa wakati gani. Kwa maana hapo mlangoni kwa mganga mtu aweza kupata thawabu ya uvumilivu, na aweza pia kupoteza mtoto.

Alfajiri kwenye benchi

Mji wetu wa Kamina ni njia panda. Reli itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa: mkono mmoja waelekea Kananga na Ilebo, mkono wa pili, uliounganishwa mwaka 1956, waelekea Kabalo na Kalemie. Na tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Kwa hiyo wagonjwa wetu hawatoki katika mitaa ya mji tu. Wako watokao Kabongo, Kaniama, Bukama, hata Malemba-Nkulu. Wengine huletwa kwa baisikeli, mgonjwa amekaa nyuma juu ya blanketi iliyokunjwa, ndugu yake akiisukuma baisikeli katika mchanga.

Asubuhi moja tulimsindikiza ndugu yetu mwenye ugonjwa wa macho katika hospitali moja ya upande wetu. Tulifika kabla ya kengele ya Misa kulia, tukakuta watu zaidi ya thelathini wametutangulia. Tulingoja kuandikiwa fishi. Kisha tukangoja kulipa. Kisha tukangoja kupimwa uzito na joto la mwili. Wengine walitumwa kwenye maabara, wakangoja kutolewa damu, wakangoja tena majibu ya damu. Na baada ya hayo yote ndipo waliposogea kwenye benchi ya mwisho, iliyo mbele ya mlango wa mganga. Mtu husema, “Nilingoja siku nzima,” lakini kweli yake ni kwamba alingoja mara tano katika siku moja.

Jua lilipopanda, alikuja bwana mmoja mwenye koti zuri. Alipeana mkono na mlinzi, akaingia kwa mlango wa pembeni. Watu wakatazama chini. Hakuna aliyesema neno.

Hatua tatu kutoka tulipokaa, alikuwapo mama kijana aliyefunga mtoto kifuani. Alikuwa ametoka kijijini usiku. Mtoto alikuwa kimya, nasi tulimsifu moyoni kwa utulivu wake, kwa kuwa watoto wengine walikuwa wakilia sana na kutusumbua. Mbele ya mama huyo aliketi mzee mwenye kidonda cha mguu. Mzee akageuka, akamtazama mtoto, akauliza:

“Mama, huyu mtoto alinyonya lini?”

“Tangu jana jioni hajanyonya, baba. Usiku alikuwa moto kabisa. Lakini sasa amelala, namshukuru Mungu.”

Mzee alimgusa mtoto shavuni, akamwita, akambana kidogo kisigino. Mtoto hakufungua macho.

“Huyu hakulala, mwanangu. Simama twende.”

“Namba yangu ni arobaini na mbili, baba.”

“Namba yangu ni saba. Twende nayo.”

Wakaenda, mzee akichechemea mbele. Muuguzi alipofunua viganja vya mtoto na kuviona vyeupe kama unga wa muhogo, hakuuliza tena namba. Ilikuwa malaria iliyokwisha kula damu yake. Mtoto akalazwa, akaongezewa damu. Jioni tulipouliza habari zake tuliambiwa yu hai. Na siku ya tano tulimwona mama yule uani akifua nguo za mtoto na kuzianika.

Twasimulia jambo hili kwa haya. Sisi tuliketi karibu na mtoto yule asubuhi nzima, wala hatukumwona. Koti la yule bwana tuliliona vizuri sana.

Kwa nini twangoja?

Wengi husema: “Waganga ni wavivu,” au “Wauguzi hawana huruma.” Pengine yuko mmoja aliye hivyo. Lakini si haki kuwatupia wote lawama kabla ya kujua mambo yalivyo.

Jambo la kwanza, waganga ni wachache. Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na mwana wa nchi hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Walikuwapo wasaidizi wa waganga, watu hodari wenye ujuzi mwingi, na makumi yao walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo ya udaktari. Tangu siku hizo vyuo vyetu vimetoa madaktari wengi, lakini wengi wao hubaki katika miji mikubwa. Huku mikoani daktari mmoja hubeba mzigo wa watu wengi mno.

Jambo la pili, kazi ya mganga haionekani yote kutoka kwenye benchi. Kabla ya kufungua mlango wake amekwisha kuzunguka vitanda vya waliolazwa. Pengine usiku alimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Sisi twaona mlango uliofungwa, nasi twadhani nyuma yake hakuna kazi.

Jambo la tatu latuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu huruka kituo cha afya kilicho karibu, tukaenda moja kwa moja hospitali kubwa kwa sababu ya kikohozi au upele. Mwaka 1971, kule Kasongo katika Maniema, waganga wa nchi hii pamoja na wenzao wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerpen walianza kazi ambayo sifa yake ilienea mbali. Walionyesha kwamba muuguzi aliyefundishwa vizuri, akikaa karibu na vijiji, aweza kutibu sehemu kubwa ya magonjwa ya watu, akawatuma hospitali wale wachache wanaohitaji daktari. Mwaka 1978 mataifa yaliyokutana Alma-Ata yaliwataka wote kuweka matibabu karibu na watu. Nchi yetu nayo ikagawanywa katika maeneo ya afya, ambayo leo yazidi 500, kila moja na vituo vyake vya afya na hospitali yake kuu. Mpango huo ni mzuri. Lakini mto hauwezi kupita katika mfereji tuliouziba wenyewe.

Jambo la nne ni randevu. Akina mama wote wenye mimba wakiambiwa waje siku moja alfajiri, yule wa mwisho atatoka jua likitua, hata kama wauguzi hawakupumzika dakika moja. Kusini mwa Msumbiji walijaribu njia nyingine: kila mama alipewa siku yake na saa yake ya kuja. Muda wa kungoja ulipungua kwa dakika zipatazo 100. Hawakujenga nyumba mpya, wala hawakuleta mashine. Walichohitaji ni daftari, kalamu, na watu wanaotimiza saa waliyopewa.

Si kila zamu ni haki

Twapenda zamu, nasi twafanya vema, kwa sababu zamu humkinga maskini. Pasipo zamu mwenye nguvu hupita na mnyonge hubaki. Hata hivyo, mlangoni kwa mganga zamu ya aliyetangulia kufika haitoshi. Malaria kali yaweza kumwua mtoto asiyetibiwa katika muda wa saa 24. Kidonda cha miezi miwili chaweza kungoja hadi jioni.

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, katika vita vya Napoleon, mganga wa askari aitwaye Dominique Jean Larrey aliweka sheria kwamba mwenye jeraha baya zaidi atibiwe kwanza, bila kutazama cheo chake. Wafaransa huita kazi hiyo “triaji,” yaani kuchambua, kama vile mama achambuavyo maharagwe kabla ya kuyapika.

Je, kuchambua huko kwasaidia? Tutazame Blantyre, katika nchi ya Malawi. Katika hospitali kubwa ya mji huo watoto wagonjwa walikuwa wengi mno, na zamani waliangaliwa kwa kufuata mstari. Kisha wauguzi walifundishwa kumtazama kila mtoto mara afikapo mlangoni, na kumtoa katika mstari yule aliye hatarini. Habari zilizotangazwa mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani zilieleza matokeo yake. Hapo kwanza, kati ya watoto 100 waliolazwa, 10 hadi 18 walikuwa wakifa. Baada ya kubadili utaratibu walikufa 6 hadi 8. Wako watoto, basi, waliopona kwa sababu tu mtu aliwatazama mapema.

Dalili za kushika moyoni

Kila mzazi, na kila mwanafunzi aliye na wadogo zake nyumbani, azijue dalili hizi. Mtoto mwenye hata moja kati ya hizi haifai kungoja:

1. Hawezi kunywa wala kunyonya.
2. Hutapika kila kitu anachopewa.
3. Ameshikwa na degedege.
4. Amelegea, au hazinduki anapoitwa.
5. Apumua kwa shida kubwa, kifua kikiingia ndani.
6. Viganja vyake vimekuwa vyeupe sana.

Vivyo hivyo mama mwenye mimba anayetoka damu, au anayeshikwa na degedege, au mwenye kichwa kikali pamoja na macho kuona giza, asiketi kwenye benchi. Aende mbele mara moja, na aliye jirani amsaidie kusema.

Tena tukumbuke sana jambo hili: mtoto aliaye huwa bado ana nguvu ya kulia. Yule anyamazaye ndiye wa kutazamwa kwanza.

Neno kwa kila mmoja

Kwako wewe mgonjwa: anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukitumwa hospitali, chukua barua ya muuguzi na fishi zako za zamani. Ukipewa randevu, ishike.

Kwako wewe muuguzi na mganga: twajua mishahara huchelewa na usiku wenu ni mfupi. Twawaomba kitu kimoja kisichohitaji fedha. Kabla ya kuandika namba, pita mara moja mbele ya benchi, ukitazama nyuso. Na ikiwa mtaanza kazi kwa kuchelewa, waambieni watu sababu yake. Mtu aliyeelezwa hungoja kwa moyo mwingine kuliko mtu aliyesahauliwa.

Kwako wewe mwenye cheo au mwenye jamaa ndani: mlango wa pembeni ni mlango wa nani? Ukiupita kwa ajili ya kichwa kidogo, huenda umepita juu ya mtoto wa mwingine. Hilo si jambo la adabu tu. Ni jambo la kupeleka katika maungamo.

Kwetu sisi sote wa jumuiya za Kikristu: kila mwaka tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Twaenda, twasali, twatoa sabuni na matunda. Ni vema. Lakini wagonjwa huketi kwenye benchi siku zote za mwaka. Je, jumuiya haiwezi kumtuma mtu wake mmoja kumsindikiza mama aliye peke yake, amshikie mtoto, amfikishie neno kwa muuguzi?

Injili ya Yohane, katika sura ya tano, yatusimulia habari za bwawa la Yerusalemu lililokuwa na matao matano, ambako wagonjwa walilala wakingoja maji yatibuke. Alikuwapo mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Alimweleza Bwana wetu kwamba hana mtu wa kumtia bwawani, na kila alipojaribu kwenda, mwingine alimtangulia. Shida ya mtu yule haikuwa ugonjwa peke yake. Alikosa mwenziwe. Bwana wetu alimwona katikati ya umati, wala hakumwambia angoje zamu yake.

Basi, zile methali mbili hazigombani. Subira ni kwa ajili ya maumivu yangu mwenyewe. Kwa maumivu ya jirani yangu, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tulisahau kuwaambieni habari za mzee yule. Alipomkabidhi mtoto kwa muuguzi, alirudi nje na karatasi ya yule mama mkononi, namba arobaini na mbili. Aliketi nyuma ya watu wote, akanyosha mguu wake wenye kidonda. Aliitwa ndani jua likizama.